Safu ya Lugha: Sababu, Idhini na Kibali

Katika Kiarabu, "sabab" ilimaanisha kwanza kamba, kitu cha kushika ili ukifikie kingine. Kiswahili kilichukua maana ya chanzo, kamba ikabaki ng'ambo. Katika sheria za bunduki za Australia, hata hivyo, sababu bado ndiyo anayoshika mwombaji ili aifikie leseni.

Aprili 28, 1996, huko Port Arthur, Tasmania, mtu mmoja aliwaua watu 35 kwa risasi. Mwezi uliofuata, serikali kuu na zile za majimbo zilikubaliana kwamba kila mwombaji lazima athibitishe "sababu ya kweli". Kujilinda si mojawapo.

Neno "kweli" ndilo linalobeba mzigo. Mlenga shabaha huonyesha uanachama wa klabu inayotambuliwa. Mwindaji wa kujifurahisha asiye na ardhi huleta karatasi ya mwenye shamba anayemkubalia kuwinda kwake.

Karatasi hiyo tuiiteje? "Ruhusa" ni pana mno. Hata mwanafunzi huiomba kwa kunyoosha mkono. "Kibali" kina harufu ya ofisi na muhuri. Neno linalofaa ni "idhini", ridhaa ya mwenye haki yake, kama ile ya mgonjwa anayetia saini kabla ya upasuaji.

Kibali nacho kina nafasi yake. Baada ya leseni, kila bunduki inayonunuliwa huhitaji kibali chake, na makubaliano ya 1996 yaliweka siku 28 za kusubiri.