Kushindwa kwa Moyo: Uchovu na Simanzi katika Nyanda za Kitale na Bungoma

Kushindwa kwa moyo ni maradhi ambayo kwayo moyo, ijapokuwa haujasimama, hauwezi tena kusukuma damu kwa kadiri ihitajiwayo na mwili. Na kwa kuwa jina lenyewe latisha, yafaa kusema mapema kwamba maana yake si mauti ya papo hapo, bali ni udhaifu wa kudumu ambao mtu, apatapo tabibu na dawa, aweza kuishi nao miaka mingi. Kitale na Bungoma husikika zaidi maneno kama “moyo umepanuka”, na aghalabu mgonjwa hufika kliniki akilalamikia miguu iliyovimba na pumzi inayokatika alalapo chali, ilhali ule uchovu uliotangulia kwa miezi hakuutaja, kwa kuwa aliudhania kuwa ni uzee, au uvivu wake mwenyewe.

Wala si maradhi ya wazee pekee. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, uliowahusu wagonjwa 1,006 wa nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwamo, wastani wa umri ulikuwa miaka 52, yaani umri wa mtu ambaye bado analima na kusomesha watoto, na sababu iliyoongoza ilikuwa shinikizo la damu. Ziko na nyinginezo: vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyoanzia kooni utotoni, moyo unaolegea baada ya uzazi, pombe, na moshi wa kuni ambao, kwa mwanamke aliyepika miaka mingi juu ya mafiga katika jiko lisilo na dohani, hudhuru mapafu hata upande wa kulia wa moyo ukaelemewa.

Uchovu wa maradhi haya una tabia yake. Mwili upatapo damu haba huitanguliza kwenye ubongo na moyo wenyewe, ukaipunja misuli. Misuli isiyotumika nayo hunyauka. Usingizi hukatizwa na kukosa pumzi na kuamka kwenda haja. Upungufu wa damu huzidisha dhiki. Na dawa kama karvediloli, katika majuma ya kwanza, huweza kumlegeza mtu kabla haijamfaa. Ndiyo maana uchovu huu hauondoki kwa kulala tu, na anayemwambia mgonjwa “jikaze” amemdhulumu, hata kama nia yake ni njema.

Na dhuluma hiyo ni nyepesi kutokea mahali ambapo utu hupimwa kwa jembe. Trans Nzoia, kaunti ulimo mji wa Kitale, ni ghala la mahindi la Kenya, na kampuni ya mbegu iliyoasisiwa Kitale mwaka 1956 yaonyesha jinsi maisha ya huko yalivyofungamana na zao hilo. Zinyeshapo mvua za Machi na Aprili, asiyeonekana shambani huulizwa sababu. Kwa Wabukusu wa Bungoma liko na jambo zito zaidi. Mwezi wa Agosti wa miaka inayogawika kwa 2, kijana anayeingia jandoni huenda kwa mjomba wake, ambaye humchinjia fahali na kumvika shingoni ukanda wa nyama uitwao luliki. Mjomba ambaye hawezi kuvuka ua bila kutweta, na ambaye fedha ya fahali imekwisha kwenda kwenye vipimo na nauli za Eldoret, takriban kilomita 70 kutoka Kitale, huingiwa na fedheha ambayo hakuna kipimo cha hospitali kinachoiona.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wa moyo ana sonona, na mwenye sonona husahau dawa, huacha kutembea, kisha huchoka zaidi. Hivyo huzuni na uchovu hulishana. Tahadhari moja ni ya lazima hapa: amitriptilini, dawa ya bei nafuu ya sonona, yaweza kuvuruga mapigo ya moyo ulio dhaifu, kwa hiyo mgonjwa asiinunue dukani kwa rai ya jirani.

Njia iliyo bora, kwa rai yangu, ni kuzifanyia nguvu hesabu kama zifanyiwavyo akiba ya unga mwezi Juni, mavuno yakiwa bado mbali. Mama aliyezoea kubeba mtungi wa lita 20 huchota kwa ule wa lita 5, akipumzika kati ya safari. Kupukuchua mahindi hukufanya juu ya kigoda, debe likiwa kati ya magoti, asubuhi wakati mwili ungali mwepesi. Na kila siku hutembea kidogo, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza, kwani kukaa kitako siku nzima huzidisha udhaifu. Dawa ya kutoa maji mwilini humezwa asubuhi, kwa idhini ya daktari, ili usiku usiwe wa kwenda na kurudi msalani. Chumvi hupunguzwa, na ile ya asili, ichujwayo kutoka majivu ya maganda ya maharagwe na kutumiwa kulainishia mboga, si badala salama, maana ina potasiamu nyingi, ambayo kwa mtu anayemeza dawa ya moyo iitwayo spironolaktoni huweza kuzidi damuni na kuudhuru moyo.

Gharama nazo ni sehemu ya simanzi. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya bima ya NHIF iliyoanzishwa mwaka 1966, na mgonjwa asiyejiandikisha hana budi kufanya hivyo kabla hajazidiwa. Hospitali za rufaa za kaunti ziko Kitale na Bungoma, na ile ya Moi iko Eldoret. Na ili ujue wakati wa kwenda huko, jipime uzito kila asubuhi kabla ya chai. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 kwa siku 3, au ukihitaji mto wa ziada ili kupumua usiku, usingoje tarehe ya kliniki.