Kinywa cha Mashine: Historia ya Maandishi Yanayosikika na Dhana ya Usomaji

Utangulizi

Historia ya mashine zinazogeuza maandishi kuwa usemi imezoeleka kusimuliwa na wahandisi. Kwao ni historia ya ufanisi: kila kizazi huunda sauti iliyo karibu zaidi na ya binadamu kuliko kizazi kilichotangulia. Makala haya yanaitazama historia hiyohiyo kwa jicho la uhakiki wa fasihi. Hoja inayojengwa ni kwamba ugumu mkubwa wa mashine hizi ulikuwa katika usomaji kuliko katika sauti. Kila zilipokwama, zilikwama pale ambapo maandishi hunyamaza na msomaji akalazimika kukamilisha kwa maarifa yake. Hoja hii ikikubalika, basi swali la iwapo mwanafunzi asiyeona aliyeisikiliza riwaya kupitia tarakilishi ameisoma kweli litahitaji kujibiwa upya.

Vinywa visivyosoma

Wolfgang von Kempelen alianza kuunda mashine ya kusema mwaka 1769, na mwaka 1791 akachapisha mjini Vienna kitabu kilichoeleza muundo wake. Mivukuto ilichukua nafasi ya mapafu, kipande chembamba kinachotetema kikachukua nafasi ya nyuzi za sauti, na faneli ya mpira ikawa kinywa ambacho mwendeshaji alikiziba na kukizibua kwa kiganja ili kupata irabu mbalimbali. Kempelen huyohuyo ndiye aliyeunda sanamu ya Mturuki iliyocheza sataranji, ambayo ndani yake alijificha mchezaji binadamu. Haishangazi, basi, kwamba hata mashine yake ya kusema ilitiliwa shaka. Ukweli ni kwamba mashine hiyo haikuwa na mtu ndani. Ilikuwa na mtu nje, kwani kiganja na vidole vya mwendeshaji ndivyo vilivyolijua neno lililotamkwa.

Karne moja na nusu baadaye hali haikuwa imebadilika sana. Voder, mashine ya umeme iliyobuniwa na Homer Dudley wa maabara ya Bell, ilionyeshwa katika maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1939 na kutamka sentensi kamili. Wanawake walioiendesha kwa vitufe na kanyagio walihitaji mafunzo ya takriban mwaka mzima, mithili ya wapiga kinanda. Kempelen na Dudley walishughulikia suala la kinywa. Masuala ya jicho na ya akili yalibaki.

Jicho na akili

Suala la jicho lilishughulikiwa kwa ajili ya wasioona, na pamoja nao. Katika miaka ya 1910, E. E. Fournier d'Albe aliunda nchini Uingereza optofoni, chombo kilichopitisha mwanga juu ya herufi zilizochapishwa na kugeuza maumbo yake kuwa milio ya muziki. Optofoni haikutamka neno lolote. Aliyesoma ni Mary Jameson, mwanamke asiyeona, ambaye alijifunza kutambua herufi kwa milio yake na kuonyesha ustadi huo hadharani mwaka 1918. Mwanzoni kasi ilikuwa takriban neno moja kwa dakika. Baada ya miaka ya mazoezi na marekebisho ya chombo, alifikia maneno yapatayo 60. Historia inayomtaja mvumbuzi na kumsahau Jameson huwa imekisahau kipengele cha usomaji chenyewe.

Vitabu vilivyorekodiwa kwenye sahani za santuri, vilivyoanza kutolewa kwa wasioona Marekani mwaka 1934 na Uingereza mwaka 1935, vilifuata njia nyingine. Humo msikilizaji alipata sauti ya binadamu, lakini pamoja nayo alipata pia tafsiri ya binadamu huyo: mahali pa kutua, neno la kutiliwa mkazo, kejeli inayodokezwa na toni. Aidha, alipata vitabu vile tu ambavyo mtu mwingine alikuwa ameamua virekodiwe. Ni mwaka 1976 ndipo Raymond Kurzweil, akishirikiana na shirikisho la kitaifa la wasioona la Marekani, alipozindua mashine iliyoweza kutambua maandishi ya chapa za aina nyingi na kuyatamka. Kwa mara ya kwanza msomaji asiyeona aliweza kuchukua kitabu cha kawaida cha chapa na kukisikia bila kusubiri hisani ya mtu.

Suala la akili ndilo lililokuwa gumu zaidi. Mfumo wa kwanza kamili wa kusoma matini ya Kiingereza ulikamilishwa nchini Japani mwaka 1968 na Noriko Umeda na wenzake, nao ulilazimika kuchanganua sintaksia ili kujua pa kutua. Mwaka 1979 Jonathan Allen, Sharon Hunnicutt na Dennis Klatt, katika taasisi ya MIT, waliwasilisha mfumo uliogawa maneno katika mofimu kabla ya kuyatamka. Haja ya juhudi hizo inadhihirika katika kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kusoma. Tahajia "read" hutamkwa kwa namna mbili kulingana na wakati wa tendo, na hakuna herufi inayoonyesha tofauti hiyo. Ili kuyatamka maandishi sawasawa, mashine ilihitaji kwanza kuyaelewa kwa kiasi fulani.

Kiswahili kinywani mwa tarakilishi

Yamkini msomaji wa Kiswahili atadai kwamba lugha hii haina tatizo hilo, kwa kuwa huandikwa jinsi inavyotamkwa na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Dai hili ni kweli kwa kiasi kikubwa, na bila shaka lilirahisisha kazi ya Mucemi Gakuru wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, ambao mwaka 2005 walieleza ujenzi wa mfumo wa kusoma matini za Kiswahili. Hata hivyo, urahisi huo una mipaka. Neno "barabara" likimaanisha njia hufuata kanuni ya mkazo, lakini likimaanisha sawasawa huivunja. "Mbuni" aliye ndege ana silabi mbili, ilhali "mbuni" ulio mti wa kahawa una tatu. Sentensi "Mwalimu amefika" huwa taarifa au swali kwa kiimbo pekee, na katika maandishi tofauti hiyo yote hubebwa na alama moja ndogo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa tarakimu. Palipoandikwa "watu 3", "vitabu 3" na "miti 3", msomaji hutamka watatu, vitatu na mitatu bila kufikiri. Mashine haiwezi kufanya hivyo isipojua ngeli ya nomino, na isipojua pia kwamba sita, saba na tisa havibadiliki. Ikikutana na "watu 23", yapasa iseme ishirini na watatu, lakini ikikutana na "mwaka 1993" isiguse upatanisho wowote. Kwa hiyo, tarakimu ambayo jicho huipita kwa haraka ina sarufi nzima ndani yake.

Jambo hili si geni katika historia ya maandishi ya Kiswahili. Hati ya Kiarabu iliyotumiwa kuandikia tenzi na mashairi ya pwani ina alama tatu tu za irabu fupi, hivi kwamba katika matumizi yake ya kale "e" na "i" ziliandikwa kwa alama moja, na "o" na "u" kwa alama nyingine. Aliyetaka kuusoma utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo mwaka 1858, alihitaji kuijua lugha, bahari ya utenzi na vina vyake kabla ya kuijua hati. Muswada ulimkumbusha msomaji kile ambacho sikio lake lilikuwa tayari linakitarajia. Mashine za karne ya 20 zimethibitisha kwa njia ngumu jambo ambalo wasomaji wa Lamu na Mombasa walilijua zamani.

Sauti kavu na sauti tamu

Walter Ong, katika kitabu chake cha mwaka 1982, aliuita usimulizi wa redio, simu na televisheni usimulizi wa pili, ulioegemea maandishi lakini ukarejesha hali ya mkusanyiko wa wasikilizaji. Maandishi yanayosomwa na tarakilishi hayaingii kwa urahisi katika dhana hiyo. Msikilizaji wake huwa peke yake. Hurudi nyuma, huruka aya, husikiliza tahajia ya jina herufi kwa herufi. Wengi waliozoea huongeza kasi kupita ile ya mazungumzo, na hupendelea sauti kavu ya mifumo ya zamani kwa kuwa haipotezi uwazi katika kasi hiyo. Ukavu huo una faida ya kihakiki. Sauti isiyo na hisia humwachia msikilizaji kazi ya kuamua hisia, sawa na ukurasa uliochapishwa.

Ni kwa sababu hii kwamba sauti mpya zinazojifunza kutokana na rekodi za binadamu, kama zilivyodhihirishwa na mfumo wa WaveNet mwaka 2016, zinastahili kuchunguzwa zaidi ya kusifiwa. Sauti tamu huchagua. Hupandisha hapa na kulegeza pale kwa mazoea iliyoyapata katika rekodi hizo. Ikipewa shairi lenye mizani 16 katika kila mshororo, huenda ikafuata sintaksia na kuipita mipaka ya ukwapi na utao, na msikilizaji asijue kwamba kituo cha mtunzi kimepotea. Msomaji wa santuri alikuwa na jina na aliweza kulaumiwa. Tafsiri ya mashine haina mwenyewe.

Hitimisho

Matumizi ya pwani hayajawahi kulifunga neno "kusoma" katika jicho. Maulidi husomwa, na mara nyingi wasomaji wake hawana kitabu mbele yao. Taarifa ya habari husomwa, na waliokusudiwa husikiliza. Kwa kipimo hicho, mwanafunzi anayechambua riwaya aliyoisikia kutoka kwa mashine amesoma, na pengine amefanya kazi kubwa zaidi ya mwenziwe mwenye ukurasa. Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu kutengenezwa kwa nakala zinazowafaa wasioona. Ruhusa hiyo haitoshi ikiwa diwani zitahifadhiwa kama picha za kurasa ambazo mashine haizitambui, au ikiwa mishororo itachapwa pasi na alama ya kituo. Kuziandaa matini hizo ni sehemu ya uhariri wa kifasihi. Wenye maarifa ambayo maandishi huyaacha nje ni wahakiki, na kazi hiyo ni yao kabla ya kuwa ya wahandisi.