Kura ya Mgomo: Asiyepiga Anahesabiwa Upande Gani?

Februari 1980, maelfu ya wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha British Leyland pale Longbridge, Birmingham, Uingereza, walikusanyika katika viwanja vya Cofton Park. Walitakiwa kuamua kama wagome kumtetea kiongozi wao Derek Robinson, aliyekuwa amefukuzwa kazi. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Swali liliulizwa jukwaani, mikono ikanyooshwa, na hoja ya mgomo ikaanguka vibaya.

Siku hiyo jibu lilionekana wazi. Mikono inapokaribiana ndipo shida inapoanza, kwa kuwa mwenye jukwaa ndiye anayekadiria kwa macho. Na anayetaka kupinga analazimika kufanya hivyo mbele ya wenzake, ambao kesho yake atasimama nao kwenye mashine moja.

Wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa na utaratibu bora zaidi. Kanuni za chama chao, NUM, zilidai kura ya nchi nzima kabla ya mgomo wa taifa, na mwaka 1974 asilimia 81 waliunga mkono mgomo. Lakini Machi 1984, chini ya kiongozi wa chama hicho, Arthur Scargill, mgomo ulisambaa kutoka eneo moja hadi jingine bila kura hiyo. Nottinghamshire walipiga kura yao wenyewe, na wengi wakachagua kuendelea na kazi. Septemba, mahakama ikasema mgomo ulivunja kanuni za chama. Wachimbaji walikuwa na hoja nzito, maana migodi ilikuwa ikifungwa kweli na riziki ya vijiji vizima ilikuwa hatarini. Kwa kuiacha kura, viongozi wao waliwapa wapinzani silaha ambayo wasingeipata kwingine.

Mwaka huohuo serikali ya Margaret Thatcher ilipitisha sheria mpya: chama kitakachoitisha mgomo bila kura ya siri kitapoteza kinga dhidi ya kudaiwa fidia na mwajiri. Mwaka 1993 ikaongezwa kwamba karatasi ya kura lazima itumwe kwa posta na irudishwe kwa posta, na kura za kundi kubwa zisimamiwe na mkaguzi huru. Mfanyakazi aliweza sasa kuamua akiwa mezani kwake, bila bosi wala mwenzake kumchungulia. Hilo lilikuwa jambo jema, na walioliona hivyo hawakuwa waajiri peke yao.

Kisha hesabu yenyewe ikageuka uwanja wa vita. Mapema 2010 wahudumu wa ndege wa British Airways, wanachama wa chama cha wafanyakazi cha Unite, walipiga kura 9,282. Waliosema ndiyo walikuwa 7,482, waliosema hapana 1,789, na kura 11 ziliharibika. Sheria ya wakati huo ilitaka kila aliyekuwa na haki ya kupiga kura aarifiwe tarakimu zote nne. Chama kilikuwa kimetangaza matokeo, lakini kampuni ikaenda mahakamani ikidai kwamba wanachama hawakuarifiwa ipasavyo kuhusu zile 11. Tarehe 17 Mei jaji akazuia mgomo. Siku tatu baadaye Mahakama ya Rufaa ikaliondoa zuio hilo, majaji wawili dhidi ya mmoja. Kutangaza kura zilizoharibika ni haki ya mwanachama, hilo silipingi. Lakini hata zingeongezwa zote 11 upande wa hapana, matokeo yasingetikisika.

Sheria ya 2016 ndiyo iliyogusa kiini cha hesabu. Iliweka sharti kwamba angalau nusu ya wenye haki ya kupiga kura wajitokeze, vinginevyo kura haihesabiki. Chukua chama chenye wanachama 1,000. Wakipiga kura 499 na wote wakasema ndiyo, hakuna mgomo. Akijitokeza mmoja zaidi akasema hapana, wanatimia 500 na mgomo unakuwa halali. Yaani anayepinga akipiga kura anausaidia mgomo, na akibaki nyumbani anauzuia. Sioni haki katika hesabu ya namna hiyo.

Wauguzi wa England waliyaonja hayo Juni 2023. Katika kura ya chama chao, Royal College of Nursing, asilimia 84 ya waliopiga kura waliunga mkono kuendelea na mgomo. Waliojitokeza, hata hivyo, walikuwa asilimia 43. Sauti za wauguzi zaidi ya 100,000 zikaishia hapo. Aliyekuwa zamu ya usiku, aliyehama nyumba, aliyesahau bahasha mezani, wote walichukuliwa kana kwamba wamesema hapana.

Tanzania ilichagua njia nyingine. Kifungu cha 80 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataka mgomo unaoitishwa na chama upigiwe kura kwa mujibu wa katiba ya chama, na uungwe mkono na wengi wa waliopiga kura. Baada ya usuluhishi kushindikana, mwajiri hupewa taarifa ya saa 48. Asiyepiga kura hahesabiwi upande wowote. Lakini utaratibu wa kura yenyewe umeachiwa katiba ya chama, kwa hiyo kama wewe ni mwanachama, itafute katiba hiyo uisome sasa, kabla mgogoro haujafika: inasema nani anatunza sanduku, nani anahesabu, na nani ana haki ya kushuhudia?