Utumbo na uzee: Jinsi chakula cha mzee kinavyochangia nguvu zake

Umri ukienda, mwili huwa kama jiko lenye makaa yasiyozimika. Hakuna moto mkubwa, ila joto lipo muda wote. Madaktari huita hali hii inflamesheni: kinga ya mwili inabaki imeamka hata kama hakuna kidonda wala homa. Mwaka 2000 mtafiti wa Italia Claudio Franceschi na wenzake waliihusisha na kuzeeka kwenyewe. Ikidumu miaka mingi, huendana na magonjwa ya moyo, kisukari cha aina ya pili, misuli kuisha na kumbukumbu kupungua.

Utumbo unahusikaje?

Ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria wengi mno. Chakula chao kikubwa ni nyuzinyuzi za maharage, mboga, matunda na nafaka isiyokobolewa. Wakizila, hutengeneza asidi kama butireti, inayolisha ukuta wa utumbo na kutuliza kinga. Nyuzinyuzi zikikosekana, ukuta huo hudhoofika, vipande vya bakteria vinapenya kwenye damu, na kinga inaanza vita.

Wazee wako kwenye hatari zaidi. Meno yakitoka, wengi huishia kula chai na mkate mweupe, uji wa sembe na wali laini, asubuhi hadi jioni. Tumbo linajaa, lakini bakteria wanalala njaa.

Tafiti zinasema nini?

Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti wa NU-AGE uliofuatilia wazee 612 wa miaka 65 hadi 79 katika nchi tano za Ulaya. Baadhi yao walikula mlo wa Mediterania kwa mwaka mmoja: mboga, kunde, matunda, samaki na mafuta ya zeituni. Walioufuata vizuri waliongeza bakteria wanaohusishwa na nguvu za mwili na akili, na dalili za inflamesheni kwenye damu zilipungua.

Mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulihusisha wanaume 77. Hawa walikuwa vijana, si wazee, lakini somo ni lilelile. Waliotoka mlo wa asili kwenda vyakula vya kizungu vya viwandani, inflamesheni ilipanda ndani ya wiki mbili tu. Waliorudi kwenye mlo wa asili ilishuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwepo bado wiki nne baadaye. Waliokunywa mbege kwa wiki moja nao walionyesha nafuu. Hiyo si ruhusa ya kumpa mzee pombe, hasa akiwa anatumia dawa. Mtindi na togwa pia ni vyakula vilivyochachushwa.

Mpikie nini mzee asiye na meno?

• Maharage, choroko au kunde zilizoiva sana kisha zikapondwa.
• Uji wa ulezi au dona badala ya sembe.
• Mchicha au bamia zilizokatwa ndogo na kupikwa zikalainika.
• Papai, parachichi au ndizi mbivu.
• Mtindi usio na sukari.

Angalizo

Usibadilishe kila kitu siku moja. Gesi na tumbo kujaa vitamfanya akatae. Anza na vijiko vichache vya maharage kwa siku, ongeza taratibu, na mpe maji ya kutosha kwa sababu wazee wengi hawasikii kiu. Mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za kisukari aongee na daktari kwanza. Akipungua uzito bila sababu au akipata choo chenye damu, mpeleke hospitali haraka.

Chakula hakirudishi ujana. Ila mzee ambaye misuli yake bado ina nguvu huinuka kitini mwenyewe na kwenda msalani bila kushikwa mkono. Kwake, hilo si jambo dogo.