Wazazi wa Chesi India: Jina Anabeba Mtoto, Bili Wanalipa Wao

Kabla watu hawajaanza kuiita chesi, wazee wa pwani waliijua kama sataranji. Neno hilo lilitufikia kupitia Waarabu, Waarabu walilipata kwa Waajemi, na Waajemi nao waliuchukua mchezo wenyewe kutoka India, ambako ulikuwa unachezwa tangu kama karne ya 6 kwa jina la chaturanga. Yaani India ndiyo kwao na chesi. Ila cha kushangaza, mpaka katikati ya miaka ya 1980 nchi hiyo haikuwa na grandimasta hata mmoja, na grandimasta ndicho cheo kikubwa kuliko vyote kwenye mchezo huu. Leo inao zaidi ya 80.

Hapo katikati kimetokea nini? Mtaani jibu ni rahisi: Wahindi wana akili ya hesabu. Lakini ukiifuatilia historia yenyewe, kila ukigeuka unakutana na baba au mama ambaye jina lake hakuna anayelikumbuka.

Anza na Viswanathan Anand, aliyekuwa grandimasta wa kwanza wa India mwaka 1988, na baadaye bingwa wa dunia. Kocha wake wa kwanza alikuwa bi mkubwa wake, aliyemfundisha akiwa na miaka 6 hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 familia ilihamia Manila, Ufilipino, kwa sababu ya kazi ya baba. Kule kulikuwa na kipindi cha chesi kwenye TV, kinarushwa wakati dogo yuko shule. Basi mama anakaa na karatasi, anaandika mafumbo yote, jioni wanayafumbua pamoja na kutuma majibu. Zawadi ilikuwa vitabu. Dogo alishinda mara nyingi mpaka wenyewe wakamwambia achukue vitabu anavyotaka, ila asitume tena majibu!

Sasa linganisha na Wasovieti, waliotawala chesi kwa miaka mingi. Kule mtoto mwenye kipaji alipokelewa na serikali: sehemu ya kujifunzia ipo, kocha analipwa na dola, mzazi hatoi kitu. Mtoto wa India ambaye bado hajajulikana hana bahati hiyo. Kocha wake wa kwanza, nauli yake, hoteli na ada ya kuingia mashindano, vyote vinatoka nyumbani. Dola yake ni mshua wake.

Na bili yenyewe si ya mchezo. Ili uwe grandimasta lazima ufikishe pointi 2500, tena ufanye vizuri sana kwenye mashindano kadhaa yenye magrandimasta wengine na wachezaji wa mataifa tofauti. Kwa miaka mingi mashindano ya hivyo yamejaa Ulaya. Kwa hiyo mtoto wa miaka 11 lazima apande ndege, na mtoto wa miaka 11 hasafiri peke yake. Tayari ni tiketi mbili. Halafu kwenye mashindano mengi ya chesi ukifungwa hutolewi: unaendelea kucheza mpaka raundi ya mwisho. Mtoto akipoteza siku ya kwanza, mzazi bado yupo pale wiki nzima.

Ndiyo maana kuna mzazi aliyelazimika kuchagua. Baba yake Gukesh, bingwa wa dunia wa mwaka 2024 akiwa na miaka 18 tu, ni daktari wa upasuaji wa masikio, pua na koo. Aliacha kazi ili azunguke na mtoto, nyumba ikabaki kwa mshahara wa mama. Kuna kipindi hela ilikata kabisa, marafiki wa wazazi wakachanga. Kwa Praggnanandhaa ilikuwa kinyume: baba alibaki na kazi yake ya benki, mama akawa ndiye wa safari, na kwenye begi anabeba jiko la kupikia wali ili mtoto ale chakula cha nyumbani popote duniani. Kumbe hata chesi yenyewe iliingia nyumba hiyo kwa sababu wazazi walitaka dada yake apunguze kuangalia katuni. Leo dada na kaka wote ni magrandimasta.

Hizo ndizo stori zinazosambaa, kwa sababu zimeisha vizuri. Lakini nenda kwenye mashindano yoyote ya watoto, ya chini ya miaka 8 au 10, uangalie nje ya ukumbi. Mchezo ukishaanza wazazi hawaruhusiwi kukaa ndani. Wanakaa kwenye ngazi, wengine chini kabisa, chupa ya maji mkononi, macho mlangoni. Mtoto akitoka, kabla hajasema neno, sura yake imeshasema. Bingwa wa kila rika ni mmoja. Wengine wote wanarudi nyumbani na bili ileile.

Na hapo kuna jambo ambalo video za kukumbatiana hazionyeshi. Mtoto wa miaka 9 si mjinga. Anajua baba aliomba ruhusa kazini, anasikia hela ikijadiliwa usiku. Akisogeza kete vibaya, anahisi amepoteza vyote hivyo. Mama wa Manila alikuwa anacheza na mwanaye jioni kwa sababu walikuwa wanafurahia. Wazazi wa leo wengi wanapenda vilevile, ila upendo wao umekuja na risiti, na mtoto ameiona.

Swali ni moja tu: ungekuwa wewe, mwanao ana kipaji na una mshahara mmoja, ungeacha kazi? Na asipokuwa bingwa, ungeweza kumwangalia machoni asione deni?