Trakoma Kongwa: Kwa nini unywele mmoja wa kope unatesa hivi?

Unywele mmoja wa kope ukigeukia ndani, kila kupepesa ni kama kuna mchanga jichoni. Moshi wa jikoni hauvumiliki, jua la mchana linachoma, usingizi hauji. Kwa baadhi ya wazee wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, hasa akina mama, mateso haya si hadithi. Chanzo ni trakoma, ambayo wengi wanaiita vikope.

Inaanzaje?

Trakoma inaletwa na bakteria aina ya klamidia. Anasambaa kwa mikono, vitambaa na nzi wanaotua kwenye macho machafu ya watoto. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, kope zinapata makovu kwa ndani. Miaka inapita, makovu yanavuta ukingo wa kope, na nywele zinaanza kukwangua konea, yaani kioo cha mbele cha jicho.

Maumivu yanatoka wapi?

Konea ni kati ya sehemu zenye nyuzi nyingi za neva kuliko zote mwilini. Ikikwanguliwa, seli zake na askari wa kinga wanamwaga kemikali za kupashana habari. Baadhi zinaitwa saitokini, kama TNF na intaleukini-1. Nyingine ni prostaglandini.

Kemikali hizi zinagusa vipokezi kwenye ncha za neva. Ndani ya neva, milango ya kupitisha chembe za umeme inalegea, inafunguka kirahisi kuliko kawaida. Mmojawapo unaitwa TRPV1, uleule unaofunguliwa na joto kali na pilipili. Mmarekani David Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi iliyohusu ugunduzi wake.

Matokeo yake, upepo kidogo tu, ambao jana haukuwa kitu, leo unauma.

Tatizo haliishii hapo. Neva iliyochokozwa nayo inamwaga kemikali zake, mishipa ya damu inatanuka, jicho linazidi kuwa jekundu, uvimbe unaongezeka. Uvimbe unachokoza neva, neva inachochea uvimbe. Ni mduara.

Kidonda kimepona, mbona bado inauma?

Neva zenyewe zikijeruhiwa, zinaweza kuanza kutuma taarifa za maumivu bila kuguswa. Seli za kinga zilizomo kwenye ubongo na uti wa mgongo nazo zinaweza kumwaga saitokini na kupandisha sauti ya taarifa hizo. Haya ndiyo maumivu ya neva. Daktari anaweza kuona konea safi, lakini mgonjwa hadanganyi wala hadeki.

Kongwa imefundisha nini?

Tangu miaka ya 1980, Kongwa imekuwa kituo cha utafiti wa trakoma unaowahusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995, ukiongozwa na Sheila West, ulionyesha kuwa vijiji vilivyohamasishwa kuosha watoto nyuso baada ya kupewa dawa vilikuwa na trakoma kali kidogo kuliko vilivyopewa dawa peke yake.

Ndiyo maana mkakati unaotumika duniani una nguzo 4: upasuaji wa kope, dawa (hasa azithromaisini), usafi wa uso na mazingira safi yenye maji na vyoo.

Cha kufanya

Kung'oa nywele kwa kibano kunapunguza maumivu kwa muda tu. Zinaota tena, na zile fupi zilizokatika zinachoma zaidi. Matone ya ganzi nayo si ya kutumia nyumbani, kwani yakizidi yanaharibu konea.

Anayehisi kukwanguliwa jichoni aende kituo cha afya mapema. Upasuaji wa kope ni mdogo, unafanywa kwa ganzi na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Unaondoa kinachochokoza neva, lakini hauwezi kurudisha uoni uliokwisha kupotea.