Homa ya ini B na kinga ya malaria: historia ya swali la Gambia

Mwaka 1961 Ian McGregor, daktari Mskoti aliyekuwa akifuatilia afya ya wanakijiji wa Keneba nchini Gambia, alitangaza pamoja na wenzake jaribio lililobaki kuwa msingi wa elimu ya kinga ya malaria. Walichuja kingamwili kutoka damu ya watu wazima, wakawadunga watoto waliokuwa wakiugua. Vimelea vikapungua upesi. Mwaka 1963 ikaripotiwa kuwa kingamwili za Afrika Magharibi ziliwafaa hata watoto wa Afrika Mashariki. Kinga hiyo mtu huipata polepole, kwa kuugua tena na tena, na ndiyo maana malaria kali huua zaidi watoto wadogo.

Vijiji vya Gambia vilikuwa pia na homa ya ini B tele. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida virusi humtoka; mtoto mchanga anayeambukizwa na mama hubaki navyo mara 9 kati ya 10. Seli T za kinga zinazokabiliana na virusi hivyo ndani ya ini miaka nenda miaka rudi hatimaye huchoka. Kimelea cha malaria nacho, kikitoka kwa mbu, huzaliana kwanza ndani ya seli za ini kwa takriban wiki moja, ndipo kiingie kwenye damu. Wapangaji wawili, nyumba moja; swali lilikuwa lazima lizuke: je, virusi hivyo hubadili kinga dhidi ya malaria?

Lilizuka rasmi mwaka 1995. Mark Thursz na wenzake walionyesha kuwa watoto wa Gambia wenye malaria kali walikutwa na antijeni ya homa ya ini B, alama ya maambukizi, mara nyingi kuliko wenye malaria ya kawaida. Huenda virusi huipumbaza kinga ya ini, vimelea vikapenya kwa wingi. Lakini uhusiano si chanzo, na mwaka 2011 utafiti wa Amazon ya Brazil ulileta picha tofauti kabisa: huko homa ya ini B iliambatana na malaria isiyo na dalili. Kulinganisha tafiti hizo kwataka tahadhari, kwani Gambia hutawaliwa na kimelea cha aina ya falsiparamu, Amazon na cha aina ya vivaksi.

Tayari chanjo ya homa ya ini B ilikuwa ikibadili mambo nchini Gambia. Ilianza kutolewa kwa awamu mwaka 1986, kwa lengo la kuzuia saratani ya ini, na kufikia 1990 ilienea nchi nzima. Watoto wenye virusi sugu wakawa adimu, na watafiti wakabaki na watu wazima, ambao kinga yao ya malaria imekwisha kukomaa.